Naomba ushauri: binti yangu hataki wahusika wa kike kwenye katuni
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 11, anapenda katuni na anachora vizuri. Ila kila hadithi anayobuni, shujaa ni mvulana. Msichana yupo wa kuokolewa tu, macho makubwa na kiuno cha nyigu. Nilipomuuliza akasema, "Mama, wasichana wanaboa, kazi yao kulialia."

Simlaumu, maana hata mashabiki watu wazima wako hivyo. Mwaka 2013 Anna Gunn, aliyeigiza Skyler White katika Breaking Bad, tamthilia ya Marekani, aliandika kwenye gazeti la New York Times jinsi alivyochukiwa hadi kutishiwa kuuawa, na kosa la mhusika wake ni kumpinga mume. Mume mwenyewe mtengeneza dawa za kulevya, na walimshangilia! Inaniuma sana.

Tukitazama pamoja huwa namuuliza: kuna wanawake wawili wanaozungumza jambo lisilohusu mwanamume? Naona anakereka, kama namharibia burudani.

Mliolea mabinti, mlifanyaje? Nimchagulie vipindi, au nimwache achore anavyotaka? Na kama mnajua katuni ambayo msichana anakosea, anakasirika, na bado hadithi ni yake, nitajieni tafadhali.