Sakafu ya zamani ya mbao: mianya nizibe na nini?

MkaziSoweto
Habari wakuu. Nyumba ni ya zamani, hapa Moshi. Sakafu ni mbao za nchi 6 juu ya maboriti, chini kuna uwazi. Mianya mingine inaingia kadi tu, mingine inafika milimita 8. Pati (dongo la kuzibia) iliyowekwa mwezi wa pili ilinyanyuka na kukatika mvua zilipoanza. Niweke nini? Silikoni inafaa?

PatasiNaRanda
Pole mkuu. Tatizo ni majira. Mbao hunywa unyevu wa masika na kutanuka kwa upana, kisha husinyaa Januari na Februari. Ubao wa nchi 6 unaweza kucheza milimita 1 hadi 2. Ukijaza kitu kigumu wakati mwanya uko wazi kabisa, masika mbao zinakibana mpaka kinapanda juu, na zikikauka tena kinabaki kimelegea. Silikoni inavutika, sawa, ila vanishi haishiki juu yake na uchafu unaiganda.

Kwanza pita ubao kwa ubao. Unaolia au kubonyea, kaza kwa skrubu mbili kwenye kila boriti, maana ubao unaocheza hutema chochote utakachoweka. Ukiona unga laini chini ya vitundu vidogo, hao ni bungua, tibu kwanza. Halafu kwangua pati yote na uchafu wa miaka kwa kisu chakavu hadi uone mbao safi pande zote mbili.

Mianya chini ya milimita 3: unga wa mbao ya aina ile ile na gundi ya mbao, uzito wa ugali laini. Shindilia, acha uchomoze juu kidogo kwa sababu utasinyaa, piga msasa baada ya saa 24. Hata huo utapasuka mahali mbao zinapocheza sana.

Kijakazi_wa_Randa
Kwa milimita 4 hadi 8 tumia kamba ya katani, inayozidi mwanya kwa milimita 1 hivi. Iloweke kwenye chai nzito ya rangi ifanane na mbao, ianike ikauke kabisa, kisha isukume kwa bisibisi pana butu mpaka ikae milimita 2 chini ya uso. Usitie gundi. Masika inabanwa, kiangazi inatanuka, haing'oki. Ikiwa na nywele nyingi, zikate kwa wembe kabla ya vanishi.

MkaziSoweto
Asante sana. Kuna mianya miwili mlangoni inayofika milimita 12. Hiyo nayo kamba?

PatasiNaRanda
Hapo papi, yaani kipande chembamba kirefu cha mbao. Chana papi kutoka ubao mkavu wa aina ile ile, randa iwe nyembamba chini na pana kidogo juu, kama kabari. Paka gundi upande MMOJA tu. Gundi pande zote mbili ikishika, mbao mbili zinakuwa moja, na zikisinyaa ufa utatokea katikati ya ubao wenyewe. Igonge kwa nyundo ya mbao ibaki imechomoza milimita 1, ikauke, kisha iteremshe kwa randa kufuata nyuzi.

Kijakazi_wa_Randa
Na matundu ya hewa kwenye msingi usiyazibe hata kama baridi inakusumbua. Uwazi wa chini ukikosa hewa, maboriti yanaoza.