Ati "ungeondoka jana"! Hawa jamaa wa treni za kaskazini mwa Uingereza wamenichosha

Wakuu, naandika nikiwa bado stesheni ya Huddersfield, mikono inatetemeka na si kwa baridi. Kampuni siitaji. Mnaijua.

Leo Jumapili ni arobaini ya mjomba, Manchester. Nimebeba sufuria ya pilau, nimeifunga khanga mbili, mvuke unanichoma tumbo. Treni ya kwanza imefutwa, dereva hayupo. Ya pili imefutwa. Ya tatu ikaja na mabehewa mawili, MAWILI, watu wamebanana mpaka mashavu yamechora vioo. Mlango ukafunguka, hakushuka mtu, hakupanda mtu, ukafungwa.

Nikamfuata yule wa kizibao cha manjano, nikamuuliza kwa adabu, kaka, nitafikaje? Macho hakuyatoa kwenye simu. "Kama ni muhimu hivyo, ungeondoka jana."

Ungeondoka jana! Tiketi yangu ina tarehe ya leo! Kwani pilau ya arobaini inapikwa juzi? Kutoka hapa hadi Manchester hata kilomita 50 hazifiki, babu yangu angekwenda na punda, akala, akarudi. Nimelipa pauni zangu halali, mtu mzima naambiwa ungeondoka jana!

Mla_Kiporo: Pole mkuu. Ila kweli, si ungeondoka jana tu? 😂😂

Mleta uzi: Usinitibue, nina msiba.

Bibi_Kanga: Panda basi mwanangu. Nauli mwisho pauni 3.

Mleta uzi: Basi na sufuria hii, shikamoo, nitafika arobaini ya mwakani.

Leeds_Damu: Nyie mnalia mna reli. Leeds tuliahidiwa tramu, serikali ikaufuta mradi 2005. Mpaka leo tunagombania mabasi.

Mpemba_Salford: Watu wepesi kusahau. Oktoba 2023 Sunak, waziri mkuu wa wakati ule, alikuja hapa hapa Manchester, ndani ya ukumbi ambao zamani ulikuwa stesheni ya treni, akatangaza reli ya kasi ya kutoka Birmingham kuja kwetu imefutwa. Alitufutia reli nzima tukimtazama, hiyo yako ya Jumapili ni nini?

Mzee_wa_Gongo: Sisi tangu 2024 Dar–Dodoma tunateleza na treni ya umeme. Rudini nyumbani.

Leeds_Damu: Umeme ukikatika utuambie mzee wangu.

Dereva_Teksi: Reli, reli, nani anasemea mashimo? Mtaani kwangu kuna shimo limenilia tairi la pili mwezi huu. Ukiegesha gari dakika tano faini inafika kabla hujazima injini, shimo mwaka wa pili halizibwi.

Mla_Kiporo: Hapo umegusa. Langu limepasua hadi rimu.

Mleta uzi: Ya nne imefutwa. Pilau limepoa. Yule bado yupo, ananiangalia. UNGEONDOKA JANA!!

Bibi_Kanga: Dereva, hilo tairi ni saizi gani? Mume wangu ana mawili ya 16 yamekaa tu stoo.

Dereva_Teksi: 16 hiyo hiyo mama. Nije jioni?