Naomba ushauri: zimebaki siku 12 nifanye mtihani wa CLEP wa aljebra, najisomea mwenyewe

MamaTuli
Wakuu, habari za saa hizi. Niko Houston, mwaka wa nne kwenye boksi, natunza wazee zamu ya usiku. Nataka kuingia uuguzi na chuo kinadai aljebra. Ada ya kukaa darasani muhula mzima siiwezi, ila wanakubali CLEP, mtihani unaokupa krediti za chuo bila kukaa darasani: maswali 60, dakika 90, alama zinaanzia 20 hadi 80, ukifikisha 50 unapata krediti 3. Najisomea nikitoka kazini asubuhi mpaka usingizi unibebe. Fanksheni na logi zinanipiga chenga. Nisome nini, niache nini?

Ngosha_wa_Mwanza
Pole dada. Mimi hesabu ilinipa F kidato cha nne, mwalimu alikuwa na fimbo ya mpera. Mpaka leo nikiona x natoka jasho. Sasa hivi nauza dagaa na namshukuru Mungu.

ShangaziDallas
Mwanangu, umelipa ya nini? Modern States wana kozi ya bure ya aljebra hiyohiyo, ukimaliza wanakupa vocha ya ada ya mtihani. Wanangu wawili wamepita huko. Ila vijana wa siku hizi hamuulizi, mnakimbilia kutoa kadi.

MamaTuli
Shangazi, nimeshalipa. Turudi kwenye swali langu tafadhali.

Mwl_Kibao
Fanksheni huwezi kuziacha, zinabeba kama asilimia 30 ya mtihani. Milinganyo 25, kurahisisha maumbo ya aljebra 25, mifumo ya namba 20. Usiache swali lolote wazi, maana jibu la kukosea halipunguzi alama. Kabla sijaendelea, nijibu mawili bila kikokotoo. La kwanza: 10 − 4 + 3. La pili: kipeuo cha pili cha (x + 6) ni sawa na x, tafuta x.

MamaTuli
La kwanza 3. Magazijuto, kujumlisha kunatangulia kutoa. La pili x ni 3 au −2.

Mwl_Kibao
La kwanza ni 9. Hapa ndipo magazijuto ilipotuponza wengi. Neno linapanga JU kabla ya TO, mtoto anadhani ni foleni. Si foleni. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia: 10 toa 4 ni 6, ongeza 3 ni 9. Kugawanya na kuzidisha vilevile: 12 ÷ 2 × 3 ni 18, siyo 2. Nimefundisha miaka 14 na kila mwaka nakuta watu wazima wanaanguka kwenye logi kumbe jeraha liko darasa la nne. La pili nakuachia uliangalie tena. Sasa niambie ukweli: umeshajipima na mtihani wa majaribio? Ulipata ngapi?

MamaTuli
Nilijipima. Sikuwa mbali na 50.

Mwl_Kibao
Ngapi, dada?

MamaTuli
47. Ulikuwa mtihani wenyewe. Wiki sita zilizopita.

ShangaziDallas
Eee Mola wangu!

Kijana_wa_Buguruni
Hapo kwisha. Mtihani uleule unarudiwa baada ya miezi mitatu. Ukifanya mapema matokeo yanafutwa na hela hairudi.

MamaTuli
Naijua hiyo sheria. Lakini udahili unafungwa mwezi ujao, nikikosa nasubiri mwaka mzima. Nimeshaomba ruhusa kazini, mume ameshapanga kubaki na mtoto. Alama tatu tu jamani! Mimi nauliza kusoma, siulizi sheria.

Kijana_wa_Buguruni
Hii ni chai. Kituo gani kimekupa nafasi ndani ya wiki sita? Jina lako wanalo. Wakuu, tusipoteze muda, huyu anatunga.

Ngosha_wa_Mwanza
Kweli, chai ina sukari hii. Mimi nilianza kumhurumia.

MamaTuli
Situngi. Mara ya kwanza nilitumia jina la baba. Leseni mpya imetoka na jina la mume, nikafungua akaunti nyingine kwa jina hilo. Majina yote ni yangu, sijaiba la mtu.

ShangaziDallas
Mwanangu, mimi nilisafisha vyoo miaka tisa kabla ya kupata leseni yangu ya uuguzi, kwa hiyo haraka yako naijua. Ila hapo ulipofika ni pabaya. Tarehe ya kuzaliwa ni ileile, anwani ileile. Wakigundua ukiwa mwaka wa pili, utawaambia nini?

Mwl_Kibao
Na hata wasipogundua, mtu anayesema 10 − 4 + 3 ni 3 hapati 50 ndani ya siku 12. Nakwambia kwa upendo. Sogeza tarehe. Wiki kama saba zinazobaki miezi mitatu itimie, saa moja kila siku, tuanzie sehemu na namba hasi, logi itafuata yenyewe. Kawaulize pia chuoni kama uuguzi wao hautaki takwimu badala ya aljebra, maana kila chuo kina utaratibu wake. Nitumie ujumbe wa faragha, sitaki hela.

Kijana_wa_Buguruni
Mwalimu, bado nasema ni chai.

*(siku mbili baadaye)*

MamaTuli
Nimepiga simu kituoni, nimefuta ile nafasi. Mume amenuna. Udahili wa mwaka huu basi tena, nimelia sana. Mwalimu, nimekutumia ujumbe. Na lile swali la pili: x ni 3 peke yake. −2 nimeirudisha kwenye swali, ikaniletea 2 upande mmoja na −2 upande wa pili.