Mto wa Mbu hadi Selela kwa baiskeli ya mlima: tairi gani, na kwenye majaruba tupiteje?

Mwendo_Pole

Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne, mwezi wa nane tunataka siku mbili za kuendesha taratibu chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Siku ya kwanza ni Mto wa Mbu kwenyewe: migombani, majaruba ya mpunga, Miwaleni chini ya kilima cha Balaa. Siku ya pili tufuate njia za ng'ombe kuelekea kaskazini hadi Selela, kisha turudi. Hakuna anayetaka kuruka mawe.

Baiskeli zote ni ringi 29, shokapu ya mbele tu (milimita 100), tairi za upana wa inchi 2.2, tyubu za kawaida zenye valvu nyembamba. Naomba ushauri kwenye mambo matatu: miiba, vumbi, na namna ya kupita mashambani bila kuwakera wenyeji. Pia, kuna haja ya kufika hadi Engaruka au tuishie Selela?

---

FundiSpoku

Mkuu, njia hiyo ni tambarare, miguu haitawasumbua. Kitakachoamua safari ni miiba, tena ya aina mbili ambazo haziumizi tairi kwa namna moja.

Mbigili hutambaa pembeni mwa njia, kwenye viwanja vya wazi na mifugo inapolala. Tunda lake likikauka hupasukia vipande vyenye miiba mifupi, na kila kipande hulala ncha moja ikiwa juu. Mwezi wa nane imekauka yote. Matundu yake ni madogo lakini mengi, gurudumu moja linaweza kubeba vipande kumi kwa mara moja. Mgunga ni mwingine: mwiba mrefu, mweupe, unaingia moja kwa moja hadi kwenye tyubu, na ncha hukatikia ndani ya tairi. Ukibadilisha tyubu bila kuitafuta ncha hiyo, tyubu mpya nayo itatoboka baada ya mita chache.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima, kwenda na kurudi. Kitambaa kitanasa pale ncha ilipo. Kidole hakitoshi, na kitachomwa. Njia ya kuokoa muda ni kufunga tairi maandishi yake yakiwa yameelekea valvu. Ukipata tundu kwenye tyubu, unajua pa kutazama kwenye tairi.

Ukiona mbigili imekwama na upepo bado upo, na unatumia tyubu, usiing'oe hapo njiani. Mara nyingi yenyewe ndiyo iliyoziba tundu. Nenda nayo hadi kivulini.

Kila mtu abebe tyubu mbili. Zilizotoboka zibeni viraka jioni, si juani. Kosa la wengi ni haraka: wanabandika kiraka wakati solusheni bado inang'aa. Piga msasa hadi mpira upoteze mng'ao, paka solusheni nyembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, subiri kama dakika tano hadi isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Kiraka kilichobandikwa kikiwa kibichi hufumuka tairi ikipata joto la mchana.

Na hizo valvu nyembamba: pampu ya fundi wa kijijini imezoea valvu ya Phoenix (baiskeli za kawaida za kijijini), na kompresa ya gereji ya bodaboda ni ya valvu nene kama ya gari. Yenu haiingii kwenye kompresa hiyo. Beba adapta ya shaba, ni ndogo kuliko karanga, inafungwa juu ya valvu na kompresa inakubali. Msikubali mtu awatobolee ringi ili iingie tyubu ya valvu nene (tundu la valvu nyembamba ni milimita 6.5, la nene ni 8.5). Ringi ikishatanuliwa hairudi.

---

UpepoSawa

Nakubaliana na FundiSpoku kasoro moja: kwa mbigili, tyubu za kawaida ni kujitesa. Kama ringi na tairi zenu zinakubali, wekeni tyubulesi (tairi bila tyubu, yenye dawa ya majimaji ndani inayoziba matundu) wiki mbili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia, maana tairi mpya huvuja taratibu siku za mwanzo. Dawa ya kuziba iwe mililita 100 kwa kila tairi ya 29 x 2.2. Kama mlishaiweka zamani, fungueni mtazame. Kwenye joto kavu hugeuka utando wa mpira ndani ya miezi miwili mitatu, na utando hauzibi kitu. Kwa tyubulesi sheria ya mwiba inageuka: ng'oa, zungusha gurudumu tundu likiwa chini, subiri dawa ikae.

Kama ringi haikubali, tieni dawa ndani ya tyubu, mililita 60 hadi 80, mradi kiini cha valvu kinafunguka. Haiponyi mwiba wa mgunga, ila mbigili inaimudu.

Upepo, kwa mtu wa kilo 75: ukiwa na tyubu, psi (kipimo cha upepo wa tairi) 28 mbele na 32 nyuma. Tyubulesi, 22 na 25. Kwenye vumbi laini jaribuni kushusha mbili zaidi, lakini wenye tyubu wasishuke chini ya 26. Tairi ikigonga jiwe tyubu hubanwa na ringi, na hutoka matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiyaona hayo mawili, usitafute mwiba, ongeza upepo.

---

Jaruba_na_Mfereji

Niongezee upande wa njia na watu.

Kwenye majaruba, msiendeshe juu ya matuta. Yanaonekana kama njia iliyochongwa kwa ajili ya baiskeli, kumbe ndiyo yanayoshika maji ya mwenye shamba. Tairi moja ikikata tuta lenye unyevu, maji yanahamia kwa jirani na ugomvi unaanza mkiwa mmeshaondoka. Piteni njia ya kando ya mfereji mkuu, na penye daraja la gogo shukeni, sukumeni. Tope la humo ni zito. Likijaa kati ya tairi na fremu msikanyage pedali kwa nguvu: cheni huvuta mashine ya giya ya nyuma hadi ikaingia kwenye spoku. Chokoeni kwa kijiti kwanza.

Mkikuta ng'ombe, msipige kengele nyuma yao. Simameni, msalimieni mchungaji, yeye ndiye atakayewaambia mpite upande gani. Wazee wapewe shikamoo mkiwa mmeshuka. Picha ni kwa ruhusa. Na mkiuliza njia, msiseme "hii inakwenda Selela?", kwa sababu wengi wataitikia ndiyo kwa heshima tu. Ulizeni "njia ya Selela ni ipi?" mwone mkono unaelekea wapi.

Kiongozi mchukueni kwenye ofisi ya utalii wa kitamaduni ya Mto wa Mbu. Anajua mpaka wa Hifadhi ya Ziwa Manyara uko wapi, maana ardhini hauonekani kila mahali, na kuingia ndani bila kibali ni kosa. Selela nako kuna ushoroba wa tembo na nyati wanaoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Msiondoke gizani. Saa moja asubuhi inatosha, na saa kumi muwe mmesharudi. Lita tatu za maji kila mtu.

Engaruka ni kama kilomita 60 kwa njia moja, na upepo wa mchana wenye vumbi huku hauna huruma. Magofu yake ya mashamba ya umwagiliaji yanastahili siku yake peke yake, mlale huko. Kwa siku mliyonayo, ishieni Selela.

---

Mwendo_Pole

Shukrani sana wakuu. Selela basi. Mmoja wetu ana kilo 95 na ringi yake haikubali tyubulesi, upepo gani? Na cheni tupake nini?

---

UpepoSawa

Huyo mbele 32, nyuma 36, na dawa ndani ya tyubu.

---

FundiSpoku

Cheni: msipake oili ya injini, hasa ile chafu ya gereji. Vumbi la huko ni laini, lina majivu ya volkano, likichanganyika na oili linasaga meno ya giya kama msasa. Tumieni kilainishi cha nta. Futeni cheni kwa kitambaa kikavu, tone moja kwa kila pini, zungusheni pedali kinyumenyume, acheni usiku kucha, asubuhi futeni tena nje. Jioni ya siku ya kwanza rudieni.

Kabla ya safari pimeni cheni kwa rula: pingili 12 kamili (ya ndani na ya nje pamoja ni moja), pini hadi pini, ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikifika 307 badilisheni. Kwa baiskeli ya giya 11 au 12 nyuma, badilisheni kwenye 306.3. Cheni mpya ifungwe nyumbani na ijaribiwe kwenye mlima, kwa sababu kaseti (seti ya meno ya giya ya nyuma) iliyochakaa huirusha.