St. Helens mwishoni mwa Mei kwa skii: niondoke saa ngapi, nibebe nini?

Mgeni_wa_Theluji
Wakuu, salaam. Jumamosi napanda Mount St. Helens, volkano ya jimbo la Washington, Marekani, kwa njia ya Worm Flows, nishuke kwa skii. Kibali ninacho. Niondoke saa ngapi? Na visu vya skii (meno ya chuma ya kufungwa kwenye skii yaume theluji ngumu) ni lazima, au ngozi za kupandia, zile tepe za gundi zinazobandikwa chini ya skii zisirudi nyuma, zinatosha?

Chengachenga
Angalia kwanza usiku wa kuamkia Jumamosi. Theluji ya Mei huyeyuka mchana na kuganda usiku. Ikirudia hivyo siku kadhaa, punje zake hunenepa kama chenga za mchele, na hapo ndipo inateleza vizuri. Ili igande, mbingu iwe wazi. Pasipo mawingu uso wa theluji hupoteza joto hadi ukaganda hata hewa ikiwa nyuzi 2 juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, asubuhi unakuta uji.

Marble Mountain, unapoanzia, ni kama mita 820 juu ya usawa wa bahari; ukingo wa kreta (shimo la volkano kileleni) ni 2,550. Kwa mwendo wa mita 300 kwa saa ni karibu saa sita, mbali na mapumziko. Mteremko unatazama kusini, hulainika mapema. Ondoka saa tisa usiku, uanze kushuka kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Sentimita 2 au 3 za juu zikiwa laini, ndio wakati wake. Buti likizama kupita kifundo, au ukiona mabonge yanabiringika yenyewe, geuza hapohapo hata kama hujafika juu.

Fundi_Ngozi
Visu beba. Alfajiri theluji ni ngumu kama saruji, na ngozi hazishiki unapokatiza mteremko kwa ubavu. Vifunge ukiwa bado pa tambarare. Wengi huteleza wakiinama kuvifunga kwenye mwinamo mkali. Visiposhika, skii ziende begini, uvae kramponi (meno ya chuma ya chini ya buti) na ushike shoka la barafu.

Ngozi zipake nta nyumbani, la sivyo theluji mbichi itagandamana chini yake kwa kilo. Gundi ikilowa haishiki tena, kwa hiyo beba mikanda miwili ya mpira ya kuzifungia. Maji lita 3. Mafuta ya jua paka mpaka chini ya pua na kidevu, maana mwanga unarudi kutoka chini.

Mama Kreta
Mwanangu, juu kule usisogelee ukingo. Upepo umejenga ubao wa theluji unaoning'inia juu ya kreta, na chini yake hakuna mwamba. Ukiwa juu yake huuoni, na hukatikia nyuma ya mtu alipo. Februari 2010 mpandaji mmoja alifariki hivyo. Nyayo za waliotangulia zisikudanganye.

Karibu na Chocolate Falls, maporomoko ya maji yaliyo njiani, theluji iliyofunika kijito huwa nyembamba mchana. Vuka mmojammoja.

Mgeni_wa_Theluji
Asanteni sana. Na usiku ukiwa na mawingu, kisha asubuhi jua likatoka?

Chengachenga
Usiende, mkuu. Jua litalainisha theluji ambayo haikuganda kabisa, na saa tatu asubuhi tayari itakuwa inaporomoka.