Mgahawa wa Kimeksiko wa mtaani, niagize nini zaidi ya tako (taco)?

mzee_wa_tako: Wadau, kuna mgahawa wa Kimeksiko hapa mtaani, mimi na waifu tunaenda karibu kila wikiendi mpaka mhudumu ananiuliza "kama kawaida?" kabla sijakaa, na kawaida yenyewe ni tako za al pastor tu, yaani tortila (chapati nyembamba ya mahindi) iliyokunjwa na nyama ya nguruwe na kipande cha nanasi ndani. Nimechoka kuwa mtu wa sahani moja. Nijaribu nini? Halafu mbona tortila zao zinanukia hivyo, za dukani naona kama natafuna karatasi

bibi_jiko: Hiyo harufu ni mahindi mkuu. Yanachemshwa na chokaa, yanalala humohumo usiku kucha, yanaoshwa ndo yanasagwa. Chokaa ya kula lakini, sio ya ukutani 😂 Waulize kama wanasaga wenyewe.

pilipili_kavu: Agiza mole. Mchuzi mzito wa pilipili kavu, mbegu, viungo kibao, na mara nyingi chokoleti kidogo. Mi siku ya kwanza niliona kama tope nikataka kurudisha, saa hizi nalamba sahani bila aibu

msomaji tu: Ila al pastor usiidharau, ule mtindo wa nyama kuzunguka kwenye mshikaki wa kusimama ulitokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni.

mzee_wa_tako: Kumbe! Poa, Jumamosi mole. Waifu kasema yeye tako zake haachi, kwa hiyo nitadokoa kwake