Tupeane uzoefu: kazi iliyowalea nyumbani iliishaje, na nyie mkaangukia wapi?

Wakuu habari zenu, naanza na yangu. Mzee wangu alikuwa mtu wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba huko Korogwe, majani yanaingia huku singa zinatoka kule. Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, we fikiria. Halafu kamba za nailoni zikaua bei duniani, mashamba yakataifishwa, hela ya kupanda upya na kubadili mashine ikakosekana, miaka ya 90 mzee akapewa barua. Hela ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ilikuja mkupuo mmoja tu, tukaezeka bati ikaisha. Mikono yake ilijua korona na korona imezimwa, sasa aipeleke wapi?? Mimi ni bodaboda hapa Segera. Nikiugua siku mbili hakuna hela, na kinachoniuma mzee hakusoma lakini alikuwa na likizo ya malipo, mimi wa fomu foo sina. Semeni na za kwenu.

Mama Belo: Pole sana kaka. Mama yangu alikuwa kwenye mashine za kufuma, kiwanda cha nguo hapa Dar. Mashine zimechoka, spea zinataka fedha za kigeni, halafu 1984 serikali ikaruhusu watu waagize bidhaa kwa hela zao, mitumba nayo ikaingia kwa fujo. Wakapunguzwa. Na mimi ndo nauza mitumba Karume! Siku nafungua belo la kwanza mama alichukua shati moja akaligeuza ndani nje anaangalia mshono, hakusema neno. Sijaisahau hiyo siku. Ila hilo belo limesomesha wanangu wawili, siwezi kulitukana.

Mtu wa Mtito: Huku Kenya kwetu Mtito Andei tulikuwa tunaishi na malori. Mamangu alikuwa na kibanda cha chai na chapati usiku kucha. SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ikaanza mizigo 2018, mwaka uliofuata ikatoka amri kontena za Nairobi zipande treni, madereva wakapungua, watu wa pancha, wa lojing, wa matunda wote wakaumia. Hakuna aliyeandikiwa barua, wateja waliacha tu kuja.

Mama Belo: Sasa mama anafanya nini?

Mtu wa Mtito: Alirudi shamba, ndengu na mbaazi. Mvua ikikataa hunipigia simu.